Chupa Yenye Mistari Myekundu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, katika kijiji kimoja ng'ambo ya Kalenga, nilijua kupima mvua kabla sijajua kusoma saa. Aliyetufundisha ni Mwalimu Tusa, dada wa Tukuyu, mgeni shuleni kwetu. Hakupenda kutuona tumekaa tu. Tulijenga madaraja ya mabua ya mahindi, tukayapandishia mawe mpaka yavunjike. Tulitenganisha misumari na mchanga kwa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Ukimuuliza kitu alikujibu, "Haya, jaribu tuone."

Kipimo cha mvua kilikuwa kazi ya kwenda nayo nyumbani. Kila mtoto alileta chupa ya plastiki. Mwalimu aliikata shingo, akaipachika shingo hiyo juu, mdomo chini, iwe kama faneli. Ndani tuliweka kokoto ili upepo usiiangushe. Mistari ya kupimia aliichora kwa rangi yake ya kucha, nyekundu, kwa sababu wino wa kalamu ulikuwa unafutika. Mwisho alidondoshea mafuta ya kupikia. Mafuta yatakaa juu ya maji, alisema, na jua halitayakausha upesi. Tuifukie nusu mahali pa wazi, na tusimwage maji mpaka mwisho wa mwezi.

Nilikuwa nikiishi na Bibi, kwa sababu wazazi wangu walikuwa kazini Mbeya. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, akaizungusha polepole.

"Hii unaipeleka wapi?"

"Shambani. Mwalimu amesema mahali pa wazi."

"Chupa shambani ina maneno, mjukuu wangu. Mvua ikigoma, watakuja hapa."

"Ni ya kupimia tu, Bibi."

"Mimi nimeelewa. Ninaowasema ni wao."

Hata hivyo alichukua jembe akachimba shimo yeye mwenyewe, katikati ya mahindi. Kwa Bibi, neno la mwalimu lilikaa karibu sana na neno la padri.

Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa alichokuwa anakiogopa, lakini nitaeleza. Iliaminika kwamba mvua hufungwa, na anayeifunga hufukia kitu shambani. Wa kwanza kushukiwa ni mwenye matofali mabichi, maana mvua ikinyesha ndiye anayeumia. Na Bibi alikuwa na matofali mabichi. Aliyafyatua mwenyewe wakati wa kiangazi, ya nyumba ya vyumba viwili ambayo ingeezekwa bati. Kuni za kuyachomea zilichelewa, mvua zikamkuta. Aliyapanga nyuma ya jiko, akayafunika kwa nyasi na turubai.

Mvua za mwanzo zilikuwa nzuri. Kila asubuhi nilikwenda shambani kuangalia maji yamefika mstari gani, na darasani nilisema kwa sauti. Kisha mwezi wa pili, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, zikakatika. Kila mchana mawingu yalikusanyika, yakakaa kidogo, yakaondoka. Majani ya mahindi yalianza kujikunja.

Aliyeiona chupa ni Mama Aneth, jirani tuliyepakana naye shamba. Yeye na Bibi waliazimana chumvi na kaa la moto, na kwenye sala za jumuiya walikaa mkeka mmoja. Siku hiyo alipita kumtafuta mbuzi wake. Nilikuwa nang'oa magugu karibu, nikamwona amesimama. Ardhi yote ilikuwa imepasuka. Maji pekee yaliyobaki katika shamba lile yalikuwa ndani ya chupa, chini ya mafuta, yamezungukwa na mistari myekundu.

"Mama Aneth, hiyo ni ya shule," nilisema.

Alirudi alikotoka, na mbuzi hakumtafuta tena.

Kesho yake shuleni mvulana mmoja aliniuliza, "Eti bibi yako anafuga mvua kama kuku?" Mwingine akadakia, "Mwambie atutagie hata yai moja." Walicheka wote. Darasa zima lilikuwa na chupa kama yangu, lakini siku ile kila mtoto aliapa kwamba ya kwao haikuwahi kufukiwa. Labda ilikuwa kweli. Labda wazee wao walikuwa waangalifu kuliko Bibi.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uani kwetu. Mwenyekiti wa kitongoji alikaa kwenye kiti chetu cha pekee. Wanaume kadhaa walikuwa wametoka kwenye pombe ya ulanzi. Chupa ilikuwa imeletwa, imesimamishwa chini katikati ya watu, na hakuna aliyeikaribia.

Mwalimu Tusa alikuja amebeba sufuria. Nilipomwona nilipumua. Nilijua akishaonyesha, yataisha. Alieleza faneli, kokoto, mafuta, rangi ya kucha. Aliinua vidole vyake ili waone ni rangi ileile. Kisha akachemsha maji, akafunika sufuria kwa mfuniko, na juu ya mfuniko akamwaga maji ya baridi. Alipouinua, matone yalikuwa yananing'inia kwa ndani. Aliutikisa, yakadondoka kwenye vumbi.

"Mvuke unapanda, unakutana na baridi, unarudi maji," alisema. "Mvua ndiyo hiyo. Hakuna anayeifunga."

Mzee mmoja alikohoa. "Kwa hiyo, mwalimu, wewe unaweza kuitengeneza."

"Sijasema hivyo, baba."

"Tumeona."

"Nimeonyesha mfano tu."

"Na kwenu ni Tukuyu," mwingine alisema. "Kwenu mvua haikatiki mwaka mzima."

Watu wakatazamana. Mwalimu Tusa alikuwa bado ameshika mfuniko, na matone yalikuwa yanaendelea kudondoka.

Mwenyekiti alimgeukia Bibi. Hakuwa mtu mkali. "Mama, hatujaja kukulaumu. Fungua tu, tuondoke."

"Nifungue nini?"

"Hicho."

"Hicho ni cha mtoto, cha shule."

Kutoka nyuma sauti ya mwanamume ilisema, bila haraka, "Nyumba ya nyasi haichukui muda." Hakuna aliyegeuka kuona ni nani.

Bibi aliitazama nyumba yake. Kisha akainama, akaichukua chupa.

"Na maneno yake useme," Mama Aneth alisema.

"Maneno gani, Mama Aneth?"

"Wewe ndiye unayeyajua."

Bibi alimwaga maji taratibu, midomo yake ikicheza. Nilikuwa nimeshika kitenge chake na nilisikia kila neno. Alikuwa anasali Salamu Maria.

"Anasali!" nilisema. "Ni sala tu, anasali!"

"Nyamaza, mtoto," Mama Aneth alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeogopa nisikatishe kitu.

Mvua ilinyesha kesho yake mchana. Mawingu yale yalikuwa yakijikusanya tangu wiki iliyopita, lakini hilo halikuwa na maana kwa mtu yeyote tena. Ilianza na upepo, na upepo ukaliinua turubai nyuma ya jiko, ukalitupa kwenye migomba. Niliruka kulifuata. Bibi alinidaka mkono mlangoni.

"Turubai, Bibi!"

"Kaa."

"Matofali yanalowa!"

"Naona. Wanatutazama. Nikiyafunika, nitakuwa nimekubali kwamba siitaki mvua. Kaa."

Niliangalia nje. Ng'ambo ya mpaka Mama Aneth alikuwa amesimama kizingitini kwake, na kweli alikuwa anatazama kwetu. Tulikaa. Bibi hakuniachia mkono. Matofali ya juu yalilainika pembe kwanza, kisha safu nzima ikalala, na jioni yalikuwa rundo la tope jekundu.

Mahindi yalipona mwaka ule, ya kwetu na ya wote. Mama Aneth alileta kapu la mahindi mabichi, akaliweka mwisho wa ua.

"Ingia basi, tuchome, tule," Bibi alimwambia.

"Nina haraka, Mama. Utukumbuke tu mwakani."

Wengine walileta kuku. Mwanzoni Bibi aliwarudisha. Lakini aliyerudishiwa kuku alikwenda nyumbani amenywea, akijua amekataliwa mvua, na siku ya pili alikuja na wawili. Basi akawa anapokea. Walimwamkia "Kamwene" wakiwa mbali, wameinama kuliko zamani, na kwenye jumuiya alikaa mkeka wa peke yake. Mwalimu Tusa alihamishwa kabla ya mwaka kuisha. Sikuwahi kujua ni nani aliyeomba ahamishwe. Bibi alifia katika nyumba ileile ya nyasi, na kwenye mazishi nilisikia watu wakiulizana ni yupi kati yetu aliyeachiwa mvua.

Sasa najua kwamba mvua za kwetu kukatika mwezi wa pili ni jambo la kawaida. Nimeshaandika habari za hali ya hewa gazetini mara nyingi, na naweza kulieleza kwa yeyote. Mwalimu Tusa naye aliweza.

Juzi binti yangu, aliye darasa la pili hapa Mbeya, alirudi na chupa iliyokatwa shingo, ina kokoto ndani na mistari ya bluu. Aliniuliza tuifukie wapi. Nyumba tunayopanga ina bustani ndogo mbele, mahali pa wazi, pazuri kabisa kwa kazi hiyo. Wapangaji wengine hupita hapo asubuhi na jioni. Nyuma ya ukuta, jirani anajenga, na matofali yake bado hayajachomwa.

Nilichukua waya, nikapanda ngazi, nikaifunga chupa juu ya mnara wa tangi la maji.

"Mama, mbona huko juu? Mwalimu amesema bustanini."

"Huku ni wazi zaidi," nilimwambia.

Ni kweli. Na ukiwa chini huioni.