Mume wa Kukodi wa Chimbalame

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Binisoni kilikuwa koti. Waendesha baiskeli wengine wa kituo cha Chimbalame walivaa fulana zilizopauka, wakangoja abiria huku jasho la joto la Balaka, kusini mwa Malawi, likiwatiririka. Binisoni alivaa koti jeusi la suti lililokaribia magoti, na Jumanne na Alhamisi aliongeza tai. Mgeni angedhani ni mwinjilisti aliyefilisika. Wenyeji walijua kwamba Jumanne na Alhamisi ni siku za kliniki ya wajawazito, na kwamba Binisoni yuko kazini.

Kazi yenyewe ilizaliwa na amri njema. Wakubwa wa afya walitaka waume wawasindikize wake zao wakapimwe virusi vya Ukimwi pamoja, na mama akikutwa navyo aanze vidonge siku hiyohiyo ili mtoto azaliwe salama. Ili kuwavuta, zahanati ikatangaza kwamba anayekuja na mumewe anahudumiwa kwanza. Anayekuja peke yake akae kwenye benchi angoje. Amri hiyo ilikuwa na kasoro moja tu: waume hawakuwapo. Wengine walikuwa Joni, yaani Afrika Kusini, wakitafuta randi, na wengine walikuwa nyumbani kabisa lakini waliona haya kukaa kwenye benchi la wanawake. Basi siku moja mwanamke aliyebebwa na Binisoni akamwambia, "Kaka, usinishushe getini. Ingia nami, useme wewe ndiye baba. Nitakununulia Fanta."

Akaingia. Walitoka mapema, na tangu hapo baiskeli ikawa kazi yake ya pili.

Alikuwa mume mzuri. Alibeba mkoba, alipangusa benchi kwa leso, alimuuliza muuguzi maswali ya baba mwenye wasiwasi. Kidole chake kilichomwa sindano mara nyingi kuliko cha mtu yeyote wilayani, na kila mara majibu yalikuwa safi. Mama akiambiwa ana virusi, Binisoni alimshika mkono na kusema polepole, "Usilie. Tutakunywa dawa, mtoto wetu atakuwa mzima." Alilitamka neno "wetu" kwa uhakika, hata baadhi ya wanawake walijifuta machozi na kuamini. Akishatoka nje, alisahau kila alichosikia, na hiyo ndiyo sifa iliyomletea wateja.

"Bwana harusi," Waisoni, mwendesha baiskeli mwenzake, alimchokoza, "leo umeoa wangapi?"

"Wawili tu. Soko limelala."

"Na mama mkwe wako anajua?"

"Yupi?"

Mama mkwe wa kweli alikuwapo. Binisoni aliishi kwake, kama desturi ya huko ilivyo, mume kuhamia kwa mke, pamoja na mkewe Malita, mjane aliyemwoa miaka miwili nyuma. Malita aliichukulia kazi ya mumewe kama mzaha. "Ukileta mtoto hapa," alimwambia, "umlee mwenyewe."

Sista Namalomba, muuguzi mkuu, hakuwa kipofu. Lakini aliona kwamba wanawake waliokuja na Binisoni walipimwa, walipewa vidonge, na walirudi kuchukua vingine. Akaamua kuangalia pembeni. Taarifa za zahanati zikajaa akina baba, na sifa zikafika wizarani Lilongwe. Lilongwe ikamtuma Bi Tawonga Mhone, mtaalamu wa gharama, aje aone jambo zuri namna hiyo linavyopatikana kwa fedha kidogo.

Jumanne hiyo Bi Mhone alisimama kwenye baraza na kuwahutubia akina baba, yaani Binisoni na wanaume wawili walioletwa na wake zao wenyewe. Alieleza kwamba kumkinga mtoto kabla hajazaliwa ni nafuu mara nyingi kuliko kumtibu maisha yake yote. "Na ninyi akina baba," alisema, "ndiyo njia nafuu kuliko zote, kwa sababu hamlipwi chochote. Mama mia wakinywa dawa vizuri, watoto watakaoambukizwa ni wawili au watatu. Hayo ni matokeo mazuri sana."

Watu wakapiga makofi. Binisoni alipiga kuliko wote. Alipofika kituoni, bei ikawa Fanta na mandazi mawili.

"Umepanda kama sukari," mteja wake wa Alhamisi alilalamika.

"Dada, hukuwepo juzi. Serikali imesema mimi ndiye njia nafuu kuliko zote. Nafuu si bure."

Hakujua kwamba Bi Mhone bado yupo. Walikutana mlangoni mwa zahanati.

"Bwana, si wewe uliyekuwa hapa Jumanne na mama mrefu?"

"Ndiye mimi, madam."

"Na huyu ni nani?"

Binisoni alimtazama mteja wake. "Huyu ni mfupi," alisema.

Sista Namalomba akashikwa na kikohozi kikali. Baada ya wiki chache amri mpya ilifika: hakuna mwanamume atakayeingia kama mume mpaka mshenga wa ndoa aje amtambulishe. Akina baba wakatoweka mara moja. Benchi likafurika, baadhi ya wanawake wakachoka na kurudi majumbani bila kupimwa. Uongo sasa ulikuwa umekomeshwa, na zahanati ya Chimbalame ikaanza kuhesabiwa miongoni mwa zile za gharama kubwa.

Ni wakati huo Malita alipopata mimba.

Binisoni alimpeleka mwenyewe, kifua mbele. "Sista, huyu ni mke wangu."

"Wote walikuwa wake zako."

"Huyu ni wa kweli."

"Hata wale ulisema hivyohivyo. Binisoni, nilishakaripiwa kwa ajili yako. Mlete mshenga, au mama akae benchi."

Benchi zima likacheka. Mwanamke mmoja akamwambia Malita, "Mwenzangu, wewe umemkodi kwa Fanta ngapi?" Malita akainuka, akafunga chitenje chake vizuri kiunoni, akaondoka. Nyumbani alisema harudi tena. Atazalia hapohapo, kama bibi yake.

Hapo Binisoni akaogopa. Mume wa kwanza wa Malita alikuwa amekonda polepole mpaka akafa, na hakuna aliyetaja ugonjwa. Binisoni alikuwa ameyasikia maneno ya Sista mara nyingi, na alijua maana yake: kama Malita ana virusi, kila wiki asiyokunywa dawa, anayelipia ni mtoto. Akapanda baiskeli hadi ng'ambo ya mto Shire, akamleta mjomba wa Malita, mshenga wa ndoa yao, kwenye kiti cha nyuma, mzee akinung'unika njia nzima juu ya mawe. Alipomwona mjomba wake amefunikwa na vumbi kwa ajili yake, Malita akakubali kurudi.

"Ndiye huyu," mzee alimwambia Sista. "Tulimpokea. Hakukuwa na mwingine aliyejitokeza."

Kidole cha Binisoni kilikuwa salama, kama kawaida yake. Cha Malita hakikuwa hivyo.

Sista alieleza yote kwa utulivu, kisha akamgeukia Binisoni, maana hapo ndipo alipozoea kusema. Binisoni akatazama sakafu.

"Si huwa una neno hapa?" Sista aliuliza.

"Huwa ninalo."

"Wanawake wote wale umewafariji," Malita alisema taratibu. "Mimi ndiye wa kunyimwa?"

Alifungua mdomo, na maneno aliyoyauza kwa Fanta miaka yote hayakutoka. Alinyoosha mikono, akaichukua chupa ya vidonge mezani. "Nitakukumbusha mimi," alisema. Na kila jioni, ugali wa nsima ukishaliwa, alimletea Malita kidonge na kikombe cha maji, akasimama mpaka ameze.

Mtoto wa kike alizaliwa mvua zilipoanza, akapewa matone ya dawa tangu siku ya kwanza. Alipofikisha umri wa kupimwa, Sista alimchoma kisigino, akakausha damu kwenye karatasi, na mwenye pikipiki akaipeleka hospitali ya wilaya, mjini Balaka. Mama mkwe alitaka mtoto aitwe Takondwa, yaani tumefurahi. Binisoni alisema wangoje majibu kwanza.

Tangu hapo abiria walimkosa. "Mpeleke wewe," alimwambia Waisoni kila alipoitwa, macho yake yakiwa kwenye barabara ya Balaka. Wale watoto wawili au watatu, ambao siku ile aliwapigia makofi kwa uchache wao, sasa walikuwa umati. Aliwaona kila alipofumba macho, na hakumwona mtaalamu yeyote aliyewajua kwa majina.

Alasiri moja Malita alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni, akamkuta kwenye ua wa zahanati, akasimama karibu naye.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

Nyuma ya ghala la pamba vumbi likainuka, na mlio wa pikipiki ukafuata. Mwendeshaji akaingia, akaizima, akaanza kufungua kamba za sanduku. Sista Namalomba alitoka barazani akifuta mikono. Alitoa bahasha za majibu moja baada ya nyingine, akisoma majina kimya, na Malita akamgeuza mtoto kutoka mgongoni na kumpakata kifuani, wakangoja.