Tulivyopanda Amani kwa Mbio kwa Ajili ya Bakari

Kikundi chetu cha mbio kilizaliwa barazani Nguvumali, penye kahawa na kashata, na hadi leo mazoezi yetu mengi hufanyika papo hapo. Kupanda mlima wa Amani mbio lilikuwa wazo la Bakari, mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba anayeamini kuwa jasho ni sifa. Alitupa sababu nyingi: afya, hewa safi, udugu. Sababu yenyewe iliitwa Rehema. Wamependana muda mrefu, na lililobaki lilikuwa kukubaliwa na shangazi aliyemlea Rehema, Bi Mwantumu, anayeishi huko juu. Bakari aliona haya kwenda peke yake. Akapanga tufike kama wanamichezo tu, tukaribishwe chakula, na yeye aonekane ametangulia.

Jumamosi baada ya swala ya alfajiri tuliondoka watatu katika gari la Sefu, fundi cherehani, aliyevaa bukta aliyojishonea mwenyewe. Muheza tulisimama tukala mihogo. Bakari alikula ndizi moja na kututazama kwa huruma. Nami nilimhurumia, maana kila mara alikuwa akiinyoosha jezi yake.

Sigi, chini ya mlima, tuliacha gari tukaanza kukimbia. Kufika kona ya pili Bakari alikwisha kutoweka. Sefu alibanwa na msuli, akarudi kulala garini. Nikabaki mimi na mlima.

Kuanzia hapo, kila nilipomwona mtu nilimshukuru Mungu, kwa kuwa salamu ni ruhusa halali ya kusimama. Sikukomea kwenye shikamoo. Niliulizia watoto, mvua, iliki na mbuzi, mpaka moyo uliporudi mahali pake. Karibu na juu nilimkuta bibi mmoja amekaa kando ya njia, kikapu cha magimbi kimetuliwa, anajifuta macho kwa kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watokapi?"

"Tanga, Nguvumali."

"Hawajambo huko?"

"Hawajambo, wanakusalimu," nilisema, ingawa hakuna aliyenituma. "Mbona walia?"

"Kuna mtu kanipita mbio, hata salamu hakutoa. Mtu akikimbilia kwetu namna ile kabeba habari ya msiba. Nimekaa hapa nawaza ni nani aliyekufa."

Nikamwambia hakuna aliyekufa, yule ni mwenzangu, anafanya mazoezi. Akanitazama kama mtu aliyesikia jambo baya kuliko msiba. Nikampokea kikapu, kwa kuwa aliyebeba mzigo wa mtu mzima hatarajiwi kukimbia, tukapanda taratibu tukizungumza habari za mbuzi wake.

Adhuhuri tuliingia kwake. Uani alisimama Bakari, jezi imeshamkauka, tabasamu tayari, na Rehema pembeni yake.

"Shangazi," Rehema alisema, "huyu ndiye Bakari niliyekuambia."

"Namjua," akajibu Bi Mwantumu. "Ndiye aliyeniulia watu wangu wote pale njiani."

Bakari alipiga magoti. "Shikamoo, shangazi. Nisamehe, sikukuona."

"Hukuniona, na njia yenyewe ni moja?"

Rehema aliinamisha kichwa, na machozi yakamtoka. Hapo kicheko chote kiliniisha. Tulikula ugali na kisamvu, na Bakari, aliyeshinda na ndizi moja, hakumaliza hata tonge tatu.

Bi Mwantumu alinawa mikono kwanza, ndipo akasema: "Sijakataa. Ila posa huja na mshenga, na mshenga nishampata." Akaninyooshea kidole. "Huyu kalelewa. Hata mbuzi wangu kawauliza hali. Jumamosi ijayo mje kwa miguu kutoka Sigi, na kila nyumba mpige hodi. Nikisikia mmeruka hata moja, mrudi huko huko mlikotoka."

Rehema alicheka huku akilia. Bakari alinishika mkono, hakuuachia.

Alasiri Sefu alikuja kutuchukua, msuli umepona kabisa. Tulipofika Muheza Bakari akaniuliza, "Hivi wewe salamu zote zile unazipata wapi?"

"Mtu huzaliwa nazo," nikamjibu.

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba kifua kibovu, kikitumiwa vizuri, hudhaniwa malezi mema. Rafiki yangu anataka kuoa, na mimi ndiye tegemeo lake. Basi tangu siku ile nimeacha mazoezi kabisa, nisije nikapata pumzi kabla ya harusi.