Kabati Zisizo na Milango

Harufu ya rangi ya mafuta hunipandisha hasira. Wengine huwauma kichwa, lakini mimi hunirudishia ghadhabu ya zamani, iliyokaa ndani yangu muda mrefu hata ikapata adabu. Juzi jirani alikuwa akipaka lango lake, nikajikuta nimesimama dirishani nimekunja ngumi, mtu mzima mwenye kitambi na digrii mbili, nikimkasirikia mwanamke aliyekwisha kuzikwa.

Huyo alikuwa Senge, kama tunavyomwita dada ya baba sisi watu wa magharibi mwa nchi. Nilikuwa bado shule ya msingi, tukiishi mtaa wa Buruburu, Nairobi, alipokuja kusimamia matayarisho ya ugeni mkubwa: watu wa mchumba wa dada yangu Nekesa walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Senge hakuketi. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akafungua kabati, akaifunga, kisha akanusa vidole vyake.

"Mama Nekesa," akamwambia mama, "wakwe wakiona hizi watasema msichana wetu amelelewa kibandani. Zing'olewe. Kariobangi wanatengeneza mpya, zile zinazong'aa."

Kweli kabati zilikuwa zimechoka. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yamezivika ngozi ya kahawia inayonata, na mlango mmoja ulijifungua wenyewe kila lori likipita. Lakini mama alijibu, bila kuacha kukatakata majani ya sukuma, kwamba mbao zenyewe bado ni nzima na zinahitaji kuoshwa na kupakwa rangi tu. Baba, karani wa baraza la jiji aliyeweza kubishana na dunia nzima akiwa kazini, aliinua gazeti likamfunika uso.

Jumamosi fundi akabisha hodi akiwa na mtaimbo. Senge ndiye aliyemtuma, bila kumwambia mama.

"Mathe, mimi nimetumwa kung'oa," alisema.

"Basi ng'oa milango peke yake," mama akamjibu. "Na skrubu zangu zote uweke kwa hii bakuli."

"Na hizo zingine?"

"Hizo zingine zimekukosea nini?"

Fundi akacheka, akatoa bisibisi, akafungua milango na kuondoka. Ndipo taabu yetu ikaanza. Mama, Nekesa na mimi tulikwangua ule utandu kwa visu butu, tukasugua kwa vitambaa vilivyochovywa mafuta ya taa, tukaosha kwa maji moto na sabuni ya unga, tukaacha zikauke, kisha tukapiga msasa hadi pua zetu zikajaa vumbi. Nilinung'unika mno. Rafiki zangu walikuwa uwanjani wakicheza mpira, nami nilikuwa nimekumbatia mlango wa kabati. Chini ya uchafu mbao zilitokea nyekundu, ngumu, bila tundu hata moja la mdudu. Tukaipaka milango rangi ya maziwa, tukaiegemeza ukutani nje.

Kosa letu lilikuwa Julai. Mtu yeyote wa Nairobi anajua jua la mwezi huo hutoka kama mtu aliyelazimishwa kwenda kazini. Tuligusa rangi Jumapili, ikatushika vidole. Tuligusa katikati ya wiki, ikatushika vilevile. Wakwe walipofika, milango ilikuwa bado nje, mibichi, na kabati zilikuwa midomo wazi.

Kwetu, wanawake wa upande wa bwana harusi huingia jikoni wakisema wanakuja kusaidia, na kila mtu hujua wanakuja kukagua. Senge alikuwa amening'iniza leso mbele ya kabati. Wageni walipojitokeza, akauziba mlango wa jikoni kwa mwili wake.

"Mtuwie radhi," akawaambia. "Jikoni kwa ndugu yangu bado kuna matengenezo."

Mama akapita nyuma yake, akatoa leso moja moja na kuzikunja. Vikombe vilionekana, unga ulionekana, hata kopo la chumvi lililopasuka mdomo.

"Karibuni jikoni kwangu," akasema. "Hakuna kitu cha kufungua."

Mama mkwe wa Nekesa akainama akatazama ndani, akanusa ule usafi. "Hata mimi nitatoa milango yangu," akasema. "Kila asubuhi natafuta majani ya chai kama polisi." Wakacheka, wakachukua sufuria, wakaanza kupika. Senge akaenda kuketi na wanaume.

Katika lile "kwangu" la mama mimi nilisikia ukarimu tu, nikaona haya kwa ajili ya lile kopo. Baadaye chuo kikuu kilinifundisha maneno marefu ya kueleza uonevu wa wanawake, nikayaandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri, na sikumkumbuka mama hata mara moja. Nilielewa baada ya kuoa. Binamu yangu alisimama jikoni kwetu, akaniuliza mimi kwa nini tusibomoe ile sinki tuweke nyingine, huku mke wangu akiwa kati yetu na mwiko mkononi. Nikamwona mke wangu ametulia kwa namna niliyoijua, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka bakuli la skrubu.

Nikamwambia binamu amuulize mwenye jiko. Akacheka sana, akanipiga bega, akarudia swali lake kwangu.