Siku Nilipotumbukia Kwenye Ngolo ya Mama Mkwe

Jamani, aibu hii nimeikalia miaka, lakini kwa vile hapa Litembo hakuna asiyeijua (hata watoto waliozaliwa baadaye wanaisimulia kunishinda), acha niiseme mwenyewe, mcheke vizuri, yaishe.

Mimi ni Mkenya wa kule juu Bonde la Ufa, na mbio ndizo zilizonilea. Nilikimbia nyika toka shule ya msingi, nikakimbilia timu ya wilaya, nikapanda ndege kwenda kukimbia kwenye matope ya Ulaya, baridi mpaka kope zinauma, na hadi leo nikisikia harufu ya nyasi zilizolowa asubuhi nawakumbuka wenzangu wa kambini, tulivyokuwa tukitoka alfajiri hakuna anayeongea, unasikia pumzi na viatu tu. Nilikuwa na furaha siku zile na wala sikujua. Kisha goti likagoma, nikapata kazi ya kufundisha riadha shule moja ya Songea, na hapo nikampata Prisca, mwalimu wa hisabati, Mmatengo wa Litembo.

Pasaka iliyofuata nilikuja kujitambulisha kwao. Baba yake hakuwa na neno, shida ilikuwa mama. Alishamwambia binti yake kwamba hamtoi kwa mtu ambaye kazi yake ni kukimbia, kwani anakimbia nini, na akichoka watakula nini, ila atanitazama kwanza, na Jumatatu ya Pasaka jioni atatoa jibu. Prisca akanifunda: mama mkwe hasalimiwi kwa mkono, unasimama mbali, macho chini, Shikamoo mama, basi. Nikaona ni jambo rahisi.

Sasa Jumatatu hiyo parokia ilikuwa na mbio za vijana, na baba mdogo wa Prisca, ndiye mwenye kipaza sauti, akaniomba nipige filimbi ya kuanzisha. Filimbi tu. Mimi nikamwambia hapana, nitakimbia kidogo, kuwasalimia watu (kidogo, na kitambi hiki). Nikavaa bukta yangu ya zamani ya timu, ikaingia kwa taabu, nikasimama mstarini huku natangazwa ati bingwa wa Kenya, na sikukanusha.

Nilianza vizuri, sitadanganya. Kwenye mpando wa kwanza miguu ilikumbuka, nikawa mbele peke yangu, ukungu umefunguka, ziwa linaonekana mbali kule chini, nikasahau hata goti. Halafu nikasikia ndala zinapiga pwa pwa nyuma yangu, kumbe ni kijana muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay, akanipita, akanipa pole.

Hapo njia inazunguka shamba la maharage, na maharage yalikuwa yamefunika mteremko mzima, sawasawa kama kitanda kilichotandikwa. Nikakata katikati. Kumbe Wamatengo mlimani wanalima ngolo, yaani mashimo mapana yaliyopangwa safu kwa safu, mazao yanakaa kwenye matuta yanayoyazunguka na maji ya mvua yanatulia shimoni yasibebe udongo, na mtoto yeyote wa pale anajua chini ya majani yale kuna nini. Tuta la kwanza nikalibomoa, la pili nikalibomoa, la tatu sikuliona kabisa, nikatumbukia kichwa mbele kwenye tope, na bukta ikapasuka toka kiunoni hadi mwisho.

Nikalala mle nikisali. Nikaona miguu ya mwanamke ukingoni, nikainua macho, ni mama yake Prisca, na shamba ni lake.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiwa shimoni.

Akageuza uso, akavua kanga yake ya juu, akanirushia. Njia ya kutoka pale inapita kanisani, kwenye utepe wa kumalizia, kwa hiyo nilifika wa mwisho nimejifunga kanga ya mama mkwe, tope mpaka masikioni, baba mdogo akaanza kutangaza, akashindwa kumalizia. Prisca alijifunika uso kwa mikono, na mimi nikajua nimeshamkosa.

Jioni baba yake alileta jibu: mama anasema matuta yake yarudishwe kwanza, ndipo tuongee. Asubuhi nikashika jembe. Kuchimba ngolo ni kazi ya wanawake, mwanamume hukata nyasi na kuzipanga tu, kwa hiyo wapita njia walisimama kunitazama, wengine wakaenda kuwaita wenzao. Mama alinielekeza kwa kidole, hili bado, hili rudia. Mchana, mgongo umekwisha habari yake, akaniletea ugali, akauweka mbali kidogo, akaanza kuondoka, kisha akasimama.

"Kabla ya shimo," akasema, bado amenipa mgongo, "ulikuwa unakimbia vizuri. Nilikuwa nakutazama toka kule juu."

Nimekimbia mbele ya viwanja vizima vikipiga kelele, lakini sikuwahi kusifiwa nikalia hadi siku ile, nililia tonge likiwa mkononi. Jioni akanikubali.

Mama sasa hatunaye. Niliapa sitakata tena katikati ya shamba la mtu, na mashindano niliacha kabisa, hata na mbuzi sishindani. Ila kila Pasaka asubuhi naifuata njia ile, nalizunguka shamba lote taratibu, na nikifika chini ya pale alipokuwa amesimama siku ile akinitazama, najikuta naongeza mwendo.