Behewa la Nguruwe

Fundi redio wa soko la Arua hashiki behewa kwa kiganja. Hulibeba kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kifaranga. Ni mabehewa madogo ya kuchezea, ya treni ya mizigo, mfano wa yale ya Marekani ya zamani, yenye matangazo ya siagi, bia na nyama ubavuni. Huyapata kwenye marobota ya mitumba, huyapangusa kwa mswaki mkavu, kisha husoma kila tangazo kwa sauti ya chini, polepole, kama anayemsalimia mgeni. Rashida, mchuuzi wa vitu vya watoto kutoka Koboko, alipopata moja alitaka kumfurahisha, akalisugua kwanza kwa jivu kama sufuria ya Idi. Sasa alimtazama akiligeuza huku na huku, kidole gumba kikipapasa maandishi yaliyofutika kwa jivu.

“Ilikuwa na picha gani, Mama Aziz?” fundi alimuuliza Rashida.

“Nguruwe, fundi. Iko navaa kofia. Nikasema, huyu hapana ingia nyumba yangu.”

Fundi aliinama juu ya behewa. Mabega yakaanza kutikisika, Rashida akadhani analia, mpaka kicheko kikamtoka. Akafungua kikopo cha rangi, akachovya kijiti chembamba kama sindano.

“Basi duka lako linaitwa nani? Tuandike hapa.”

Rashida, ambaye duka lake ni turubai lililotandikwa chini, alifikiri kidogo.

“Andika tu: Duka la Rashida, kubwa kuliko yote Koboko.”