Kawa ya Mkono wa Kushoto

Shuleni kwetu Molenbeek, kila likizo ya karnivali ilipokaribia, wenzangu waliulizana swali moja: unaenda thelujini? Waliitaja theluji kama mahali, kama mtu anavyotaja sokoni au kwa shangazi yake. Sisi tulikuwa hatujamaliza hata miaka miwili tangu tutoke Bujumbura, na mimi sikuelewa kwa nini mtu mwenye baridi ya bure hapa Brussels afunge mizigo kwenda kutafuta nyingine mbali.

Mwaka ule na mimi nilikwenda. Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja mjane aliyeishi Etterbeek. Alimwogesha, akampikia supu, akamfunga vifungo vya sweta kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Tulimwita Madame tu. Madame alikuwa na nyumba ya mawe kule kwenye vilima vya Ardennes, na kila majira ya baridi binti yake alimpeleka huko kwa siku chache ili abadilishe hewa. Safari hiyo Madame alimwomba mama afuatane naye. Baba alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha kufulia shuka, na mama hakukubali nibaki peke yangu kwenye ghorofa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikawaambia wenzangu darasani kwamba naenda thelujini, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza swali la pili.

Mama alijiandaa kama mtu anayehama. Alibeba mchele, pilipili, mafuta ya mawese ndani ya chupa ya juisi, mkeka wa kuswalia na vitenge vya kuvaa chini ya koti. Nilimwambia kule kuna maduka. Akaendelea kufunga mizigo. Tulipotoka Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, tuliondoka na tulichokuwa tumevaa na mfuko mmoja wa hati na nguo zangu. Katika nyumba yetu ya Brussels hakukuwa na kitu chochote cha zamani, hata kijiko. Kila kitu tulikuwa tumekinunua au tumepewa na watu wa kanisa la jirani, ambao walitupatia hata kalenda ya watakatifu, na mama akaipokea kwa adabu.

Binti wa Madame alituendesha asubuhi, akatushusha, akawasha jiko la kuni, kisha akarudi mjini. Nyumba ile ilikuwa imejaa vitu kutoka kwetu. Marehemu mume wa Madame alikuwa amefanya kazi ya mambo ya pamba huko Usumbura, jina la Bujumbura wakati wa ukoloni, na ukutani kulikuwa na mikuki, vigoda, ngoma ndogo na picha yake akiwa na kaptura nyeupe kando ya ziwa. Nilizunguka nikiviangalia bila kujua nifurahi au nione haya. Ilikuwa kama kuingia kwa mtu usiyemjua ukakuta nguo zako zimeanikwa.

Mama hakuangalia chochote. Aliingia jikoni moja kwa moja kutafuta sufuria. Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya jiko, ameinua uso. Juu ya msumari, kati ya kikaango cha shaba na kitambaa cha kufutia vyombo, ilining'inia kawa, kile kifuniko cha chakula kinachosukwa kwa ukindu kama kofia iliyochongoka. Rangi zake zilikuwa zambarau na kijani, zimefifia kwa moshi. Mama aliishusha, akaigeuza, akapitisha kidole kutoka kileleni kushuka chini, akifuata mshono.

"Iyi ni mukono ya mama yangu," akasema.

Nilicheka kidogo, nikidhani anatania. Bibi yangu mzaa mama alikufa kabla sijazaliwa.

"Angalia vile inazunguka," akaendelea. "Mama alikuwa anatumia mukono wa kushoto. Wengine wote wanazungusha upande huu. Yeye, ule."

Niliangalia. Mshono ulizunguka, ndiyo, lakini sikuwahi kuona kawa nyingine kwa karibu kiasi cha kuweza kulinganisha. Nilimuuliza kama hakukuwa na wasukaji wengine wa mkono wa kushoto Bujumbura nzima. Akasema labda walikuwepo. Lakini hakuirudisha msumarini.

Wakati wa chakula cha mchana alimuuliza Madame, kwa Kifaransa chake cha taratibu, kifuniko kile kilitoka wapi. Madame alifurahi kuulizwa. Alisema alipewa na mke wa mpishi wao siku alipojifungua binti yake. Mpishi mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevaa kofia ya kufuma hata akiwa jikoni, na mkewe alikuja na mtoto mgongoni, akaiweka mezani.

Niliona mama akiacha kutafuna. Babu yangu, kwa kadiri tulivyoambiwa sote tangu utoto, alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na mashine yake barazani Buyenzi, na hakuwahi kuajiriwa na mtu. Hilo lilikuwa fahari ya ukoo. Harusini, mama na dada zake walipotaka kujisifu, walisema wao ni watoto wa mtu asiyepokea amri.

Baada ya kuosha vyombo alinivuta kando. "Baba yangu hakupikiya muntu," akasema, kama vile mimi ndiye niliyesema.

"Basi si ya bibi," nikamjibu.

"Ni ya mama."

Nje theluji ilikuwa imeanza kuanguka, ile niliyokuwa nimejisifia darasani, nami nikatoka kwenda kusimama ndani yake. Niliichoka upesi. Haikuwa na sauti, na miguu yangu ililowa.

Siku iliyofuata mama aliuliza tena, akijifanya amesahau. Madame alisimulia kwa uhakika uleule kwamba kawa aliinunua mwenyewe sokoni kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na vidole vyekundu vya hina, na kwamba mumewe alimcheka kwa kununua kofia ya kuvalisha nyama. Kesho yake, bila kuulizwa, akasema ilitoka Zanzibar, kwenye safari yao ya fungate. Hakuwa akidanganya. Kila hadithi aliiona mbele ya macho yake, akaonyesha kwa mikono ukubwa wa soko, rangi ya bahari. Mama alimsikiliza huku akimmenyea chungwa, na kila hadithi ilipokwisha uso wake ulikuwa umebadilika tena, mara umelegea, mara umekaza.

Wakati huohuo aliitumia kawa. Kila mlo alikifunika chakula nayo, jambo ambalo nadhani halikuwa limefanyika tangu ilipofika Ulaya. Mchana mmoja alipika wali na samaki, akaweka sahani mezani, akageuka kutafuta chumvi. Madame alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na jiko. Kiswahili chake kilikuwa maneno ya kuamuru tu, leta maji, funga mlango, ngoja, na aliyatumia kwa mzaha pale alipotaka kumchekesha mama. Sasa akanyoosha kidole kuelekea sahani, akasema polepole:

"Funika, paka haina dini."

Mama alisimama na chumvi mkononi. Mimi nilishtuka zaidi yake, kwa sababu maneno hayo niliyajua. Mama aliniambia hivyo kila siku, nikiacha chakula wazi, na kila mara aliongeza kwamba hivyo ndivyo bibi yako alivyosema.

Alimuuliza Madame nani alimfundisha. Madame akauliza amefundishwa nini. Mama akayarudia maneno. Madame akatabasamu, akasema hakumbuki, lakini wakati ule nyumbani kwao walikuwa wakiyasema kabla ya kula. Alidhani maana yake ni karibuni chakula.

Mama akampakulia wali. Nilitaka sana mama aseme jambo, lolote, nijue niko upande gani.

Siku ya kuondoka, binti wa Madame alipokuwa akipakia mizigo, Madame aliagiza nimletee kawa. Akamwekea mama mikononi, akamwambia aichukue, kwani ameona jinsi anavyoipenda. Mama alimshukuru, akamshika mkono. Halafu akaenda jikoni akaitundika msumarini, akahakikisha imekaa sawa.

Sikuweza kuuliza ndani ya gari. Nilimuuliza tulipofika Brussels, tukipanda ngazi za kutoka metro na mifuko yetu.

"Nikiichukuwa, itakuwa amenipa," akasema. "Na kama ni ya mama, yeye hawezi kunipa."

"Na kama si ya bibi?"

"Alors, basi ni kifuniko tu. Twende, baba yako ana njaa."

Baba alipoelezwa alisema kwamba Buyenzi yote ilikuwa na msemo ule wa paka, hata kwao walisema hivyo. Mama akamwambia kwamba yeye hajawahi kumsikia bibi mzaa baba, Mungu amrehemu, akiusema hata mara moja. Baba akakubali kwamba kweli, labda ameuzoea kwa mkewe. Ikaishia hapo, yaani haikuishia.

Jumapili mama alimpigia simu dada yake mkubwa, aliyekuwa amekimbilia Kigoma. Nilisimama karibu na simu nikisikiliza. Mama mkubwa alicheka, akasema kwani cherehani ile ilitoka wapi, mnadhani iliota kama muhogo? Baba yao alifanya kazi kwa Wazungu kabla ya kuwa fundi, na mashine ilikuwa zawadi ya kuagana. Mama alikata simu akakaa kitako. Lakini walipozungumza tena baadaye, mama mkubwa alisema hapana, amechanganya, aliyekuwa kwa Wazungu ni baba yao mdogo. Mama akamuuliza baba mdogo yule alioa nani, na mkewe alitumia mkono gani. Mama mkubwa akasema mdogo wangu, unaumwa?

Madame alipelekwa kwenye nyumba ya wazee muda mfupi baada ya hapo, na hakurudi Ardennes. Mama aliendelea kumtembelea kwa mapenzi tu. Alipofariki, nyumba ya mawe iliuzwa, na binti yake akaja Molenbeek na sanduku la vitu, akisema ni kumbukumbu kutoka kwa mama yake, maana mama yangu alikuwa kama mtu wa nyumbani. Mama alimkaribisha chai. Alipoondoka, tulifungua sanduku pamoja. Mama alitoa kila kitu taratibu, akafika chini, akapapasa pembe za sanduku kana kwamba kawa ingeweza kujificha. Kulikuwa na shuka mbili za kitani, taa ya mezani, na sahani ya kaure yenye mchoro wa kanisa kwenye theluji.

Nilingoja alie au akasirike. Aliichukua sahani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaitundika sebuleni, mahali pa heshima.

Sasa iko kwangu. Binti yangu huniuliza kanisa lile ni la wapi na nani wa kwetu aliishi pale. Nikimwambia hakuna, ananiuliza kwa nini basi bibi aliipenda. Nimeshamjibu kwa namna kadhaa, na kila jibu, nilipokuwa nikilitoa, niliona kuwa ndilo la kweli.