Vichwa vya Kambare vya Jana

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka nacheka, ingawa siku yenyewe nililia. Nilikuwa binti mwenye digrii mpya, nimeajiriwa kwenye maabara ya samaki hapa Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kupasua vichwa vya kambare na kutoa tezi iliyo chini ya ubongo, kitu kidogo kama punje ya mtama. Mkuu wetu, Mzee Rwechungura, mtu wa Bukoba, alizisaga tezi hizo na kuzichuja hatua kwa hatua, apate homoni safi ya kumfanya kambare jike atage. Alikuwa mwaka wa tatu kwenye kazi hiyo.

Vichwa tulinunua kwa Mama Zuhura, muuza samaki wa Mkuyuni. Asubuhi moja nilikuta vibichi ni vichache, nikanyoosha mkono kwenye beseni la pili.

"Hivyo vya jana, mwanangu," Mama Zuhura akanionya. "Vya supu hivyo, si vya dawa yenu."

Mimi na digrii yangu tumsikilize muuza samaki? Nilitaka chupa ijae, nisifiwe. Nikachanganya tezi zote, nikaandika kwenye chupa kwamba ni za vichwa vibichi. Samaki mmoja akioza huoza wote, lakini nilidhani methali hiyo ni ya sokoni, haiingii maabara.

Mzee alichuja wiki nzima. Tukamdunga jike mnene, tumbo limejaa mayai. Kesho yake tukamminya, halikutoka hata yai moja. Wa pili naye, wapi. Mzee akavua miwani.

"Basi njia yangu ni mbovu. Jumatatu nitaandika kwamba tumeshindwa, tufunge kazi."

Ningenyamaza, nani angejua? Mama Zuhura haji maabara. Lakini miaka mitatu ya mzee ingepotea kwa ajili yangu. Jumatatu nikamkuta mzee ameshika kalamu.

"Shikamoo mzee. Njia yako haina kosa. Nilitia vichwa vya jana."

"Marahaba." Akanitazama mpaka nikalia. "Binti, mficha uchi hazai. Sasa wewe umeficha, na wasiozaa ni kambare wangu."

Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanipeleka kwa Mama Zuhura wiki nzima, nikajifunze kufunua matamvua, yale mashavu ya samaki, na kutambua kichwa kibichi. Mama alinifundisha, na masimango juu. Tukaanza upya na vichwa alivyonichagulia. Jike wa tatu tulimgusa tu, mayai yakamwagika mpaka kwenye viatu vya mzee.

Mwanangu, kukosea utakosea. Lakini kosa ukilificha, atalibeba mtu asiyelijua, ajione mjinga bure na kuacha kazi nzuri. Kwa hiyo sema mapema, hata sauti ikitetemeka. Na anayeshika samaki kila siku msikilize, hata kama hajawahi kuona hadubini. Mungu akujalie mikono safi, na siku utakapokosa, akukutanishe na mkubwa anayejua kucheka.